Kinini kimoja kwa siku, hata kama nguvu ingali iko

Wandugu wa mine, na mama zetu wa nyumbani, tuseme bila haya juu ya VIH.

Mutumishi anapimwa damu, anaambiwa virusi iko, kisha anarudi kazini kimya. Hana homa, anaendesha mashini yake vizuri, basi anajisemea: dawa nitaanza siku nitakapougua. Wazo hilo halikutoka hewani. Zamani waganga wenyewe walihesabu kwanza CD4, ndio askari wa mwili, na mutu alingoja mpaka washuke. Lakini mwaka 2015 OMS ilibadilisha: kila mwenye VIH aanze dawa, hata kama askari wake ni wengi. Uchunguzi ulionyesha kwamba mwenye kungoja ndiye anaugua zaidi. Mmoja, unaitwa Temprano, ulifanyika Afrika hii yetu, Côte d'Ivoire. Na tangu 2017 OMS inasema: ndani ya siku 7, hata siku ile ile ya kupimwa kama mutu yuko tayari.

Dawa yenyewe si ile ya zamani ya kujaza mukono. Ni kinini kimoja, TLD, na ndani mna dawa 3: tenofovir, lamivudine na dolutegravir. Unameza mara moja kwa siku, umekula ao hujakula. Wa posti wananiuliza sana juu ya saa: wiki hii asubuhi, wiki ijayo usiku, nitafanya je? Chagua saa moja utakayokuwa macho kwa kila posti, tia vinini viwili vitatu mu mufuko, umeze hata chini ya shimo. Ukisahau, meza ukikumbuka. Usimeze viwili pamoja.

Kwa sisi jambo kubwa ni kifua. Vumbi ya mawe inaharibu mapafu, TB inaingia rahisi, na VIH inaifungulia mulango. Ukikohoa, ukitoka jasho usiku, sema mbele ya kuanza. Mwenye TB ya ubongo anangoja kwanza. Na rifampicine ya TB inapunguza nguvu ya dolutegravir, kwa hiyo munganga anaongeza kinini kingine cha dolutegravir, saa 12 nyuma ya kile cha kwanza.

Mwenye kumeza vizuri, virusi inashuka mpaka mashini ya laboratware haiioni tena, mara nyingi ndani ya miezi 6. Hapo haambukizi bibi yake kwa njia ya ngono. Mama, hii inawahusu ninyi pia: mupimwe pamoja.

Najua woga uko wapi: kazi. Sheria 08/011 ya tarehe 14 Julai 2008 inamulinda mwenye VIH, na mukubwa wa kazi hana ruhusa ya kudai kipimo hicho ili akupe kazi ao akufukuze. Akidai, kuja kwa delege wako na karatasi.

Shida yenye inabaki ni saa. Dispansere nyingi zinafunguka wakati mutu iko mu posti, na siku ya kuchukua dawa inakatwa kwa mushahara. Mwenye dawa imemushika vizuri anaweza kupewa vinini vya miezi 3 ao zaidi kwa mara moja. Ile siku nayo, sisi sendika tunadai ilipwe.