Daftari la Kibarua

Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, iliyoanza kutumika Juni 2008, inamtambua kibarua kwa ufinyu wa makusudi: ni mtu anayelipwa siku ikiisha, na ambaye kila anapochukuliwa haajiriwi kwa zaidi ya saa 24. Anayepita hapo anaanza kuacha kuwa kibarua, hata akiitwa hivyo langoni kila alfajiri. Kwa kifungu cha 37, akifanya kazi mfululizo siku zikatimia mwezi, au akipewa kazi isiyotarajiwa kwisha kabla ya miezi 3, ajira yake hugeuka kuwa ya mwezi, na kumwachisha kunahitaji notisi ya siku 28. Siku ya mapumziko inayofuata siku 6 za kazi nayo huhesabiwa, kwa hiyo Jumapili haikati mfululizo.

Mwenye shamba la maua Naivasha atasema waridi zina msimu: Ulaya huzitaka kwa wingi kuelekea Februari 14, kisha soko hulegea. Ni kweli, ila sheria haimkatazi kuandika mkataba wa miezi 2 wenye tarehe ya kumalizika. Inachokataa ni mtu kuitwa wa kutwa mwaka hadi mwaka, ilhali kupalilia na kunyunyiza dawa hakungoji Februari. Hoja nzito zaidi ni ya upande wa wafanyakazi: mwajiri mjanja atamrudisha kibarua nyumbani mwezi ukikaribia kutimia, amwite tena baada ya wiki. Hapo ndipo udhaifu wa sheria ulipo, maana haki yote inasimama juu ya hesabu ya siku, na daftari la hesabu hiyo analo nyapara. Tena, mwaka 2017 Mahakama ya Rufani iliamua katika kesi ya wafanyakazi wa chumvi wa pwani kwamba kifungu cha 37 ni cha vibarua, wala hakimfikii anayelipwa kwa kipande. Mchuma chai wa Kericho anayelipwa kwa kilo ana sababu ya kuisoma hukumu hiyo.

Kwa kuwa daftari liko kwa nyapara, marekebisho yajayo ya sheria, kwa maoni yangu, yangeanzia kwenye karatasi: kila kibarua apewe stakabadhi ya siku aliyofanya kazi. Waajiri watasema ni gharama. Lakini wanaolipa kwa M-Pesa wameshaitoa bila kukusudia, kwani kila ujumbe una tarehe na kiasi, na unabaki katika simu ya mfanyakazi.