Je, uso huwa 'mbaya kama dhambi'?

MWALIMU mmoja wa shule ya msingi huko Msambweni ameniuliza swali ambalo naona litawafaa wengi. Mwanafunzi wake ameandika katika insha kwamba mwenzake mwenye kovu la moto usoni ni 'mbaya kama dhambi'. Je, akosolewe?

Hebu tuanzie kwenye asili. Hiyo ni tafsiri sisisi ya nahau ya Kiingereza, 'ugly as sin'. Neno 'ugly' lilitoka katika Kinorsi cha Kale, 'uggligr', nalo lilikuwa na maana ya 'kinachotisha', kutokana na kitenzi 'ugga', yaani kuogopa. Maana ya sura isiyopendeza ilikuja baadaye. Ama dhambi, makanisa ya Ulaya ya Enzi za Kati yaliichora na kuichonga kwa sura za mashetani ili waumini waiogope. Kwa waliozoea picha hizo, dhambi ilikuwa na uso.

Kiswahili nacho kina neno lililoanzia kwenye hofu: kinyago. Leo ukipita ufukweni Diani utaona vinyago vikiuziwa watalii kuwa mapambo. Lakini kamusi ya Madan ya 1903 inakieleza kinyago kuwa kitu cha kushtua au kutisha watu kwa umbo lake. Ndiyo maana anayeambiwa ana sura ya kinyago huwa ameambiwa kwamba anatisha. Wahenga nao wakasema, kinyago ukichonga mwenyewe hakikutishi. Yaani hofu imo ndani ya mtazamaji, na mazoea huiondoa.

Tofauti ipo kwenye dhambi. Kwetu dhambi ni tendo, haina sura. Aidha, tunasema 'uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti'. Mkakasi ni kijisanduku kilichopambwa kikapendeza, lakini pambo halisemi lolote kuhusu kilichomo. Umbo mbali, tabia mbali.

Mtego uko kwenye '-baya'. 'Mtu mbaya', tusipoongeza 'wa sura', kwa kawaida ni mtu mwovu. Basi ukimwambia mtu ni 'mbaya kama dhambi', msikilizaji ataanza kujiuliza amefanya nini. Mtoto aliyeungua amegeuzwa mkosaji!

Mwalimu, kosoa. Sarufi ya sentensi hiyo haina kasoro. Kilichopotoka ni maana. Mwenye kovu ni mwenye kovu, basi.