Kambove: mwalimu wa mtoto kiziwi bado yuko kwenye benchi ya sekondari

KAMBOVE – Katika Congo, kijana wa miaka 18 anaweza kufanya mtihani wa serikali, akapata diploma, na mwezi wa tisa shule zinapofunguliwa akasimama mbele ya darasa la kwanza la msingi akiitwa mwalimu. Hapiti chuo kingine. Kama alisoma fani ya pedagojia, yaani ile miaka minne ya mwisho ya sekondari inayotayarisha walimu, diploma yake inatosha kumpa chaki mkononi.

Jirani zetu wanafanya tofauti. Tanzania na Kenya, anayetaka kufundisha shule ya msingi anamaliza kwanza sekondari, kisha anaingia chuo cha ualimu. Anayetaka kufundisha wasioona au wasiosikia, Tanzania ina chuo cha Patandi huko Arusha, na Kenya ina taasisi yake ya elimu maalumu, KISE, iliyoanzishwa mwaka 1986. Kwetu, chuo cha mwalimu wa msingi ni sekondari yenyewe. Kwa hiyo mtu atakayempokea mtoto kiziwi wa Kambove miaka miwili au mitatu ijayo anajulikana alipo leo: amekaa na kaye yake, anaandika muhtasari wa saikolojia, na bado mzazi wake anamlipia minervali.

Swali ni anafundishwa nini kuhusu mtoto huyo.

Kambove iko kilometa kama 25 kutoka Likasi, na Likasi yenyewe iko zaidi ya kilometa 100 kutoka Lubumbashi. Ni mji uliozaliwa na shaba. Union Minière ilichimba hapo wakati wa ukoloni, baadaye Gécamines, na kwa miaka mingi kampuni ndiyo iliyokuwa baba na mama: nyumba, hospitali, shule, hata unga. Gécamines ilipodhoofika katika miaka ya 1990, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya elfu kumi wa kampuni hiyo walipoondolewa kwa mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari, mzigo wa shule ulirudi mabegani mwa wazazi. Wengi wao leo wanaishi kwa shamba, kwa biashara ndogo au kwa kuchimba kwa mikono.

Mzazi wa namna hiyo akiwa na mtoto asiyesikia au asiyeona, njia aliyozoea kuisikia ni moja: mpeleke Lubumbashi, huko kuna shule zao. Ni kweli, shule za viziwi na vipofu ziko katika miji mikubwa. Lakini kumpeleka ni nauli, ni ndugu wa kumlaza na kumlisha, ni mtoto wa miaka saba kukaa mbali na mama yake. Familia nyingi hazifiki hapo. Mtoto anabaki nyumbani, au anaingia shule ya jirani na kukaa nyuma kabisa mpaka achoke.

Tangu mwezi wa tisa wa mwaka 2019, serikali ya Rais Félix Tshisekedi ilipoanza kutekeleza shule ya msingi ya bure iliyoandikwa tayari katika kifungu cha 43 cha Katiba ya 2006, madarasa yalijaa. Katika baadhi ya shule nchini watoto walipita mia moja kwa mwalimu mmoja. Bure hiyo ilifungua mlango hata kwa watoto ambao wazazi hawakuwa tayari kuwalipia, na katika nyumba yenye watoto sita, mtoto mwenye ulemavu ndiye huwa wa mwisho kulipiwa. Sasa yumo darasani. Na anayemfundisha mara nyingi ni kijana aliyetoka benchi ya sekondari juzi.

Masomo ya elimu maalumu yanapaswa kuingia hapo, katika mwaka wa tatu na wa nne wa pedagojia. Wanafunzi hao tayari wanasoma saikolojia, pedagojia ya jumla na namna ya kufundisha kila somo. Wanafanya mazoezi katika madarasa ya msingi, na katika mtihani wa serikali wanapimwa pia kwa vitendo, wakitoa somo mbele ya jury. Mfumo upo. Kinachokosekana ni mtoto mwingine ndani yake: mtoto anayezungumziwa katika masomo hayo kwa kawaida anaona, anasikia, anatembea na hashikwi na kifafa.

Kuna mambo ambayo hayahitaji mtaalamu kutoka ng'ambo. La kwanza ni kutambua. Mtoto anayeleta kaye karibu na pua, anayenakili kwa jirani badala ya ubaoni, anayegeuza sikio moja kila mwalimu anapoongea, au anayejibu swali ambalo halikuulizwa, si lazima awe mvivu. Kambove jambo hili lina ugumu wake wa pekee. Mtoto anaongea Kiswahili mtaani, labda Kisanga au Kibemba nyumbani, na shuleni anakutana na Kifaransa. Anayesikia nusu anaweza kukisia maneno ya Kiswahili kwa sababu anayajua. Kifaransa hawezi kukikisia, hajawahi kukisikia vizuri hata siku moja. Basi matokeo yake yanaanguka ghafla darasa la tatu au la nne, wakati Kifaransa kinapochukua nafasi kubwa, na watu wanasema ana kichwa ngumu. Mwalimu aliyefundishwa angeuliza kwanza habari ya masikio: mtoto aliwahi kuugua meninjitisi? Surua? Je, masikio yanatoa usaha?

Neno "bubu" nalo lingefaa lipate saa nzima darasani. Wengi wanaoitwa bubu hawana kasoro yoyote ya ulimi. Hawakusema kwa sababu hawakusikia mtu akisema.

Baada ya kutambua kuna mambo madogo ya kila siku. Kumweka mtoto mbele, upande ambao mwanga wa dirisha unampiga mwalimu usoni na sio mgongoni. Kuacha kuongea huku umegeukia ubao, kosa ambalo karibu kila mwalimu analifanya. Kusoma kwa sauti kila kinachoandikwa, kwa ajili ya asiyeona. Kuandika maneno makuu ya somo kabla ya kuanza, kwa ajili ya asiyesikia. Mtoto mwenye ualbino anahitaji kivuli, kofia hata ndani ya darasa, na ruhusa ya kusogea hadi ubaoni kusoma, maana macho yake hayaoni mbali na mwanga mkali unamuumiza. Prefe anayekataza kofia kwa sababu ya nidhamu anamfukuza mtoto huyo bila kujua.

Kifafa kinastahili kutajwa peke yake, kwa kuwa kinaondoa watoto shuleni kwa hofu tupu. Bado kuna walimu, sembuse wanafunzi, wanaoamini kwamba povu la mgonjwa linaambukiza. Haliambukizi. Mtoto akianguka, ondoa vitu vigumu karibu yake, mgeuze alale ubavu, weka kitu laini chini ya kichwa, usimtie kijiko wala kitambaa mdomoni, usimshike kwa nguvu, tazama saa. Degedege likipita dakika tano, akimbizwe kituo cha afya. Likiisha mapema, aachwe apumzike, kisha arudi kwenye somo. Kijana wa miaka 17 anajifunza haya kwa alasiri moja, na darasa zima likimwona mwalimu hakimbii, nalo halikimbii.

Kwa wasioona kuna breli. Watu huiogopa bure. Ni nukta sita tu, mistari miwili ya tatu tatu, na mpangilio wake unatoa alama 63, zinazotosha herufi, namba na hata noti za muziki. Ugumu unaowachekesha wanaoanza ni wa mkono: kwa kibao na sindano yake mtu anatoboa karatasi kutoka kulia kwenda kushoto, kwa sababu atakayesoma ataigeuza karatasi. Mwanafunzi wa pedagojia anaweza kuijua alfabeti ya breli kwa macho kabla ya Noeli ikiwa alianza mwezi wa tisa. Hatakuwa bingwa. Lakini mtoto wa darasa la pili akimletea karatasi yenye matobo, ataweza kusoma ni jina la nani limeandikwa.

Kuhusu lugha ya alama, ni vizuri kusema ukweli bila kuupamba. Saa chache kwa wiki hazimfanyi mtu kuwa mkalimani. Mtoto aliyezaliwa kiziwi kabisa anahitaji lugha kamili, na lugha anaipata kati ya viziwi wengine, watoto na watu wazima. Mwalimu wa Kambove aliyejifunza alfabeti ya vidole na alama mia mbili atamfungulia mlango, atawashauri wazazi wasimfiche, atawafundisha wenzake wa darasa kusalimiana naye. Baada ya hapo bado itabidi awepo mtu mwingine. Anayeahidi zaidi ya hayo anawadanganya wazazi.

Hata hivyo historia ya elimu ya viziwi katika Afrika inaonyesha kwamba masomo mafupi yanaweza kuzaa walimu. Andrew Foster, Mmarekani mweusi aliyepoteza usikivu akiwa mtoto kwa sababu ya meninjitisi, alikuwa mtu mweusi wa kwanza kupata shahada katika chuo cha viziwi cha Gallaudet, Washington, mwaka 1954. Mwaka 1957 alifungua shule ya viziwi nchini Ghana, kisha akaendelea nchi baada ya nchi, mpaka kwetu, wakati huo ikiitwa Zaire. Alikosa walimu. Huko Ibadan, Nigeria, aliandaa mafunzo ya muda mfupi na kuwaita vijana kutoka nchi zinazotumia Kifaransa, wengi wao viziwi wenyewe, wasio na shahada yoyote. Walirudi kwao na kufungua madarasa. Foster alikufa katika ajali ya ndege nchini Rwanda mwezi wa kumi na mbili mwaka 1987, lakini alama ambazo viziwi wengi wa Congo wanazitumia hadi leo zina mizizi katika kazi yake.

Sheria haikosekani. Congo ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2015, na tarehe 3 mwezi wa tano 2022 ikapata sheria yake ya kulinda na kukuza haki za watu hao. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 nayo inataja elimu maalumu. Mwalimu wa kijijini hazisomi, na hata akizisoma hazimwambii afanye nini Jumatatu asubuhi.

Kisha kuna ukuta wa pili, ule wa sekondari. Bure inaishia darasa la sita. Kuanzia hapo mzazi analipa, na mzazi anayehesabu franga atajiuliza kama mtoto asiyeona ataweza kuutumia ule usomi. Akijitahidi hadi mwisho, anakutana na mtihani wa serikali, ambao tangu 1967 ndio mlango wa chuo kikuu na wa kazi nyingi. Sehemu yake kubwa ni maswali ya kuchagua jibu, yakijibiwa kwenye karatasi ya vijisanduku inayosahihishwa na mashine. Asiyeona hawezi kukiona kisanduku. Anahitaji mtu wa kumsomea swali na kuweka alama pale anapomwambia, chumba cha pembeni, na muda zaidi. Asiyesikia anahitaji maelezo ya msimamizi yaandikwe ubaoni. Mipango hiyo inaombwa mapema, na anayetakiwa kuiomba ni shule. Prefe asiyejua kwamba inaombwa hataiomba.

Upinzani mmoja unasikika kila mara jambo hili linapotajwa kwa walimu, na si wa kudharau: mtu mwenye watoto themanini, ambaye hajawahi kuona mshahara wa serikali kwa sababu yeye ni wa wale wanaoitwa "unités mpya", anaongezewaje mzigo mwingine? Mzigo huo tayari uko kichwani mwake. Mtoto asiyesikia hakusubiri programu ibadilike ili aje kukaa kwenye benchi la nyuma. Bila mafunzo mwalimu huyo anapoteza muda kumkaripia mtu asiyemsikia, na hilo halipunguzi hata dakika moja ya kazi yake.

Nani awafundishe hao wanafunzi wa pedagojia ni suala linaloweza kuanza kwa waliopo karibu. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha saikolojia na sayansi ya elimu. Shule zina vikao vya walimu, cellules de base, ambavyo mara nyingi vinakosa mada mpya. Manesi wa vituo vya afya wanajua kifafa na masikio kuliko mwalimu yeyote. Na watu wazima wasiosikia au wasioona, waliosoma kwa taabu na kufika mahali, ndio wangefaa kusimama mbele ya darasa kuliko wote. Kwa kijana ambaye hajawahi kuongea na kiziwi, saa moja na mtu huyo ina uzito kuliko sura nzima ya kitabu.

Wanafunzi wa mwaka wa nne wanapokwenda kufanya mazoezi katika shule za msingi, kila mmoja anaandaa karatasi ya somo lake: mada, lengo, vifaa, maswali, zoezi. Mkufunzi anaisaini kabla ya somo kutolewa. Mstari mmoja ungeweza kuongezwa hapo tangu mwaka huu wa shule, bila kusubiri barua kutoka Kinshasa: katika darasa hili, ni mtoto gani hanioni au hanisikii, na nimemkalisha wapi?