Si kila homa ni malaria, hasa kwa mgonjwa wa tezi

Miongoni mwa maradhi yanayomsumbua binadamu, yapo yanayomlaza kitandani, na yapo yanayomkimbiza kutwa kucha ilhali amekaa kitako. Ugonjwa wa kuzidi kwa kazi ya tezi ya shingoni, ambayo wataalamu huiita dundumio, ni wa aina hii ya pili. Mwenye nao hula akakonda, hulala asipate usingizi, hutokwa na jasho hata wakati wa kusi, na moyo humwenda mbio kama anayefukuzwa. Nayasema haya kwa kuwa mimi mwenyewe ninatibiwa maradhi hayo, nami ni mwalimu katika mji wa Siyu, kisiwani Pate.

Mji huu ulisifika katika karne ya 18 na ya 19 kwa wanazuoni wake na kwa waandishi walionakili misahafu kwa mkono. Katika mji wenye sifa hiyo, mwalimu ambaye chaki hutetemeka vidoleni mwake hakosi kusemwa. Wako waliotaja husuda, wako waliotaja majini, na wako waliodhani nina majonzi ninayoyaficha. Siwalaumu, kwani ugonjwa wenyewe hujifananisha na mengi. Lakini sababu yake inajulikana. Aghalabu ni kingamwili za mgonjwa mwenyewe, ambazo huichochea tezi itoe homoni kupita kiasi. Daktari Robert Graves wa Dublin aliyaeleza maradhi haya mwaka wa 1835, naye Karl von Basedow wa Ujerumani akayaeleza mwaka wa 1840.

Wengine hushauri kwamba nizidishe chumvi yenye iodini, kwa kuwa wamesikia kuwa upungufu wake huleta rovu. Ni kweli huleta, lakini hayo ni maradhi mengine. Katika miaka ya 1990, baada ya chumvi yenye iodini kuenea Zimbabwe na huko Kivu, mashariki ya Kongo, madaktari waliona ongezeko la watu wenye tezi iliyozidi kazi, hasa waliokuwa na marovu ya siku nyingi. Chumvi hiyo imewafaa watu wengi mno, wala haifai kuachwa. Ila kuizidisha si dawa ya maradhi haya.

Tiba zake ni tatu: vidonge, iodini yenye mnururisho, na upasuaji. Mimi ninatumia vidonge vya kabimazoli, ambavyo kwa kawaida mgonjwa huvimeza kwa miezi 12 hadi 18. Dawa hii huizuia tezi kutengeneza homoni mpya, lakini haiiondoi ile iliyokwisha kuwekwa akiba. Ndiyo maana wiki kadhaa hupita kabla ya nafuu kuonekana. Mgonjwa asiyeambiwa jambo hili hukata tamaa mapema. Na nafuu ikija, huja na hatari nyingine: mgonjwa hujiona amepona akaziacha dawa, na maradhi yakarudi. Damu ndiyo inayosema kweli, si kioo. Hivyo hana budi kupimwa kila mara kwa agizo la daktari.

Naam, msomaji mpendwa, hapa ndipo nilipotaka kufika. Kwa watu wachache katika kila elfu moja, kabimazoli hupunguza mno seli nyeupe za damu, zile zinazopigana na vijidudu. Jambo hili likitokea, mara nyingi huwa ni katika miezi mitatu ya mwanzo. Dalili zake ni homa, koo kuuma na vidonda vya mdomoni. Mgonjwa wa namna hiyo huacha kabimazoli mara moja, na hupimwa damu siku hiyo hiyo. Akichelewa, anaweza kufa.

Sasa itazame pwani yetu. Kwetu sisi homa jina lake ni malaria. Na pale Lamu ilipokumbwa na chikungunya mwaka wa 2004, tulijifunza kwamba homa ina majina mengi, ila somo hilo tumelisahau. Mwezi wangu wa pili wa matibabu nilishikwa na homa na koo jioni. Jirani yangu, kwa wema wake, aliniletea dawa za malaria akanisihi, "Meza hizi, mwalimu, kesho utaamka mzima." Nilimshukuru nisizimeze. Maji yalikuwa yamekupwa, na mkondo wa Siyu katikati ya mikoko haupitiki ila maji yakijaa. Nilingoja, nikasafiri alfajiri, nikapimwa. Seli zangu zilikuwa kamili. Yalikuwa mafua tu. Jirani aliniuliza kama sikuona hasara ya nauli. Nilimjibu kwamba nilinunua yakini, na yakini ina bei.

Wakazi wa visiwani tuna sababu zaidi ya kujiandaa. Mgonjwa aijue ratiba ya bamvua na maji mafu kama aijuavyo ratiba ya vidonge vyake. Awe na akiba ya nauli isiyoguswa. Awe na karatasi yenye jina la dawa yake, na wa nyumbani mwake wajue ilipo, ili daktari yeyote atakayemwona aisome hata kama yeye hawezi kusema. Na mwanamke anayetaraji kubeba mimba amwambie daktari mapema, kwani kabimazoli inaweza kumdhuru mtoto katika miezi mitatu ya kwanza.

Nanyi walimu wenzangu, maradhi haya huwapata hata vijana, na wanawake zaidi kuliko wanaume. Mwanafunzi aliyekuwa mtulivu akawa hatulii kitini, mwandiko wake ukaharibika, akakonda ilhali anakula, asiadhibiwe kabla ya kupimwa. Nanyi wanafunzi, mkimwona mwenzenu hivyo msimcheke, bali mwambieni mwalimu.

Wahenga walinena kwamba tahadhari ni kabla ya hatari. Maji yakijaa hupwa, na yakipwa hujaa. Lakini homa ya mgonjwa wa tezi haina saa inayojulikana. Ni sharti itukute tumeshajua la kufanya.