Rangi za Fangasi: Zilizodumu, Zilizokinga na Zilizochujuka

Mnamo mwaka 1478 hivi, Federico da Montefeltro, mtawala wa Urbino nchini Italia, alianza kujengewa chumba kidogo cha kusomea katika kasri lake la Gubbio. Mafundi walizifunika kuta kwa vipande vya mbao vilivyopangwa kwa ustadi hata mtazamaji akadhani anaona makabati yaliyoachwa wazi, yamejaa vitabu na ala za muziki. Baadhi ya vipande hivyo ni vya kijani, na havikupakwa chochote. Ni mbao zilizoingiwa na fangasi wa jamii ya Chlorociboria zikiwa bado msituni, fangasi anayeugeuza ubao kuwa wa rangi iliyo kati ya kijani na buluu. Leo chumba hicho kimo katika jumba la makumbusho la Metropolitan, New York. Zaidi ya miaka 500 imepita na ukijani wake bado unaonekana.

Ni rangi chache za fangasi zilizopitia mtihani mrefu kama huo, na ndiyo maana naipa nafasi ya kwanza. Lakini rangi ya asili siku hizi huulizwa maswali mawili: je, itadumu? Na je, ina antioksidanti? Wauzaji hupenda kujibu yote mawili kwa pumzi moja, kana kwamba sifa hizo ni pacha. Kemia inasema vingine. Antioksidanti hufanya kazi kwa kutoa elektroni yake ili kuituliza radikali huru, au kwa kuipokonya oksijeni nishati yake ya ziada kabla haijaharibu seli. Mara nyingi anayetoa hubadilika, na akibadilika rangi yake hupotea. Ni kama mlinzi anayekinga risasi kwa kifua chake. Kwa hiyo mabingwa wa kukinga na mabingwa wa kudumu ni nadra kuwa walewale.

Iliyodumu kuliko zote

Rangi ile ya Gubbio inaitwa zailindeini. Molekuli yake ni bapa, imeundwa kwa mapete ya kaboni yaliyoshikana, na haiyeyuki katika maji. Mwanga hauivunji kwa urahisi, wala unyevu hauioshi. Mafundi wa Tunbridge Wells, Uingereza, waliitumia mialoni iliyoingiwa na fangasi huyohuyo katika masanduku na meza zao ndogo za mapambo. Katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon, Marekani, Seri Robinson na wenzake wamefanya kazi kubwa ya kuitoa rangi hii kwenye mbao na kuitumia upya kwenye mbao nyingine na vitambaa. Wanafizikia wa chuo hicho wamekwenda mbali zaidi, wakiijaribu kama kipitishi nusu cha umeme, kwa sababu vifaa vya namna hiyo vinavyotokana na viumbe hai huwa na ugonjwa wa kuharibika upesi vikipigwa na mwanga na hewa. Kikwazo ni fangasi mwenyewe: hukua polepole mno, na kiwanda hakina subira ya msitu.

Iliyochujuka kuliko zote

Hapa inaingia pwani yetu. Katika karne ya 19 miongoni mwa bidhaa zilizosafirishwa Ulaya kupitia Zanzibar ilikuwamo malele, ambayo wengine waliita marere: laikeni wa jamii ya Roccella, anayeota kwenye miti na miamba inayopigwa na upepo wa bahari. Laikeni ni fangasi anayeishi pamoja na mwani wadogo kama kiumbe kimoja, na malighafi ya rangi hutengenezwa na upande wa fangasi. Hiyo malighafi haina rangi. Ilibidi isagwe, ilowekwe katika mkojo uliochacha au amonia, na iachwe ipate hewa kwa muda mrefu, ndipo ikageuka kuwa zambarau ya kupendeza kwenye hariri na sufu. Ukoo wa Rucellai wa Florence ulitajirika kwa biashara ya rangi hiyo tangu Enzi za Kati.

Lakini jua liliishinda. Nguo iliyotiwa rangi hii peke yake ilififia upesi, na watiaji rangi walilijua hilo. Wengi waliitumia kunogesha rangi nyingine tu. Mwaka 1856 William Perkin aligundua zambarau ya maabara jijini London, na soko la malele likaanza kuelekea ukingoni. Hata hivyo uzao wake haujatoweka. Litmasi, ile inayotiwa kwenye vikaratasi vya kupimia asidi na besi shuleni, asili yake ni laikeni hawahawa. Tabia iliyoifanya iwe rangi mbaya ya nguo, yaani kubadilika kila mazingira yanapobadilika, ndiyo iliyoifanya kuwa kipimo kizuri.

Kongwe jikoni

Wachina wamekuwa wakiotesha Monascus purpureus kwenye wali kwa zaidi ya miaka 1,000. Wali hugeuka mwekundu kama damu, hukaushwa, kisha hutumika kutia rangi nyama, mvinyo na jibini ya soya. Fangasi huyu hutoa rangi za makundi matatu: njano, chungwa na nyekundu. Zile za chungwa zikikutana na asidi amino huwa nyekundu na huyeyuka majini vizuri zaidi. Joto la jikoni hulivumilia kwa kiasi, lakini mwanga huzipausha, na ndiyo kazi kubwa ya wanaotafiti namna ya kuzihifadhi.

Fangasi huyu anastahili heshima na tahadhari kwa pamoja. Mwaka 1979 Mjapani Akira Endo alipata ndani ya jamii ya Monascus kemikali inayozuia ini kutengeneza kolesteroli. Kemikali hiyo ni ileile lovastatini, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1987. Lakini baadhi ya aina za fangasi huyu hutoa pia sitrinini, sumu inayodhuru figo, na ndiyo sababu mojawapo ya rangi hii kutoruhusiwa kutiwa kwenye vyakula Ulaya na Marekani. Neno “asilia” kwenye lebo halimwambii mnunuzi lolote kuhusu hilo.

Inayosifiwa kuliko zote kwa kukinga

Hiyo ni astaksanthini, nyekundu ya nyama ya samoni. Mmoja wa wazalishaji wake ni hamira iliyopewa jina Phaffia kwa heshima ya Herman Phaff, ambaye timu yake iliikusanya kwenye utomvu wa miti huko Japani na Alaska. Ndugu yake, kanthaksanthini, alitambuliwa mwaka 1950 katika uyoga mwekundu wa Marekani, Cantharellus cinnabarinus, wa ukoo mmoja na uyoga wa rangi ya chungwa unaochumwa katika miombo yetu wakati wa masika. Rangi hizi zina mnyororo mrefu wa kaboni wenye elektroni nyepesi kuhamahama. Mnyororo huohuo huzifanya kuwa hodari wa kuituliza oksijeni iliyochangamka, na huohuo huzifanya zioze haraka zikiachwa kwenye mwanga na hewa.

Matangazo hudai kwamba astaksanthini inaizidi vitamini C mara elfu kadhaa. Hesabu za namna hiyo hutoka kwenye chupa za maabara, katika jaribio la aina moja ya oksijeni, wala si kwa watu. Jambo hili si la kuchukuliwa kwa wepesi. Mwaka 1994 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa Finland uliowafuatilia wanaume 29,133 waliovuta sigara. Waliopewa vidonge vya beta-karotini, jamaa wa karibu wa rangi hizi, walipata saratani ya mapafu zaidi kwa asilimia 18 kuliko wasiopewa. Kwa mlaji wa mboga na uyoga hilo si tishio. Kwa mmeza vidonge ni onyo.

Kwa kupita tu: rangi inayostahimili joto lakini inayoogopa mwanga ni riboflavini, vitamini B2 ya manjano, inayozalishwa viwandani na Ashbya gossypii, fangasi aliyejulikana kwanza kama adui wa pamba. Na chakula cha buluu adimu kuliko vyote pengine ni Lactarius indigo, uyoga unaouzwa katika masoko ya Mexico. Ukikatwa hutoka utomvu wa buluu ambao hewa huugeuza kijani.

Iliyoshinda pande zote mbili

Ni melanini. Baada ya mlipuko wa kinu cha nyuklia cha Chernobyl wa mwaka 1986, Nelli Zhdanova na wenzake wa Kyiv waliwakuta fangasi weusi wameota kwenye kuta za jengo la kinu kilichoharibika. Mwaka 2007 Ekaterina Dadachova na Arturo Casadevall, wakiwa New York, walionyesha kwamba fangasi wenye melanini hukua haraka zaidi wakipigwa mionzi iliyozidi ile ya kawaida mara 500 hivi. Kusema kwamba wanakula mionzi ni kutangulia ushahidi, lakini kwamba hawadhuriki upesi ni dhahiri. Cryomyces antarcticus, fangasi mweusi wa mabonde makavu ya Antaktika, alikaa nje ya Kituo cha Kimataifa cha Anga kwa takriban mwaka mmoja na nusu hadi 2009, na baadhi ya seli zake zilipoletwa maabara ziliendelea kukua.

Siri ni ukubwa. Melanini ni fundo kubwa la molekuli zilizounganishwa ovyo, lenye radikali zake tulivu ndani. Ikitoa elektroni hapa, mahali pengine panabaki pazima. Maji hayaiyeyushi, na asidi nyingi haziiwezi. Gharama yake ni kwamba ni nyeusi au kahawia tu, na ugumu huohuo huifanya iwe taabu kuitia kwenye kinywaji au kitambaa.

Tena kinga hiyo ni ya fangasi mwenyewe. Cryptococcus neoformans, anayesababisha homa ya uti wa mgongo na kuua watu wengi wenye VVU Afrika Mashariki, hujifunika melanini ili kuhimili oksijeni kali ambayo chembe nyeupe za damu humrushia. Humsaidia pia dhidi ya dawa ya amphotericin B. Lakini vazi hilo humsaliti. Maabara zikimwotesha kwenye lishe iliyotengenezwa kwa mbegu za Guizotia abyssinica, mmea wa mafuta wa Ethiopia, makundi yake hugeuka kahawia kwa melanini huku hamira nyingine nyingi zikibaki nyeupe, na mtaalamu humtambua kwa macho.