SUKARI KATIKA DAMU YA KUKU



Kuku anayeparua udongo nyuma ya jikoni iko na sukari katika damu kuliko watu wengi wenye ugonjwa wa sukari. Lakini haumwi. Namna gani?

Tuanze na hesabu. Mtu mwenye afya, akiamka asubuhi bila kula, litri moja ya damu yake iko na sukari gramu 0,7 mpaka 1. Ikifika gramu 1,26, na wakipima tena ikawa vile vile, munganga atasema: huu ni ugonjwa. Kuku yeye iko na gramu 2 na zaidi kila siku!

Kwanza, tuangalie pankreasi. Siku ya kuchinja kuku utaiona: kipande kirefu, cheupe-cheupe, kati ya utumbo wa kwanza uliojikunja. Pankreasi inatuma wajumbe wawili katika damu. Insulini inashusha sukari, glukagoni inaipandisha. Kwetu sisi watu insulini iko na nguvu sana: inafungua mlango wa nyama ya mwili ili sukari iingie. Mlango ule unaitwa GLUT4. Wataalamu waliutafuta kwa kuku, hawakuupata. Kwa ndege mkubwa ni glukagoni. Ndiyo sababu sukari inabaki juu.

Pili, ndege hategemei sana sukari kama kuni zake. Anachoma mafuta. Gramu moja ya mafuta inatoa kilokalori 9, lakini ya sukari inatoa 4 tu. Ini inageuza chakula cha mchana kuwa mafuta. Usiku glukagoni inayafungua. Mwili wa ndege unapaswa kukaa na joto la digri 40 hivi, hata katika baridi ya milima yetu. Na mbayuwayu wanaotoka Ulaya wanavuka jangwa la Sahara kwa mafuta waliyoyaweka mwilini mbele ya safari.

Je, kuku akikosa chakula siku mbili, sukari yake inaisha? Hapana. Ini na figo zinatengeneza sukari mpya, hata kwa kuvunja nyama ya mwili wake. Lakini anakonda. Basi mfugaji asidanganyike.

Tatu, sukari haiingii kwa wingi katika chembe nyekundu za damu ya kuku. Tena chembe zile zinaishi kama mwezi mmoja tu; zetu zinaishi siku 120. Sukari haipati muda mrefu wa kuziharibu.

Sasa angalisho. Mtu asiseme: « Kuku anaishi nayo, hata mimi nitaishi nayo. » Mwili wetu haukuumbwa vile. Kwetu sukari nyingi inaharibu macho, figo na mishipa pole pole. Mwaka wa 1889, kule Strasbourg, von Mering na Minkowski walitoa pankreasi ya mbwa, na mbwa akapata ugonjwa wa sukari. Mwaka wa 1922, kule Toronto, mgonjwa wa kwanza alipigwa sindano ya insulini.

Kwa hiyo, ukiona nyumbani mtu anakunywa maji bila kushiba, anakojoa kila mara na anakonda, musitafute nani amemuloga. Mumpeleke apimwe damu. Na aliyepewa insulini asiiache hata siku moja.