Spika za Mama, Masikio ya Mwana

Mama mmoja katika wasomaji wetu ametuletea swali tusilolizoea katika ukurasa huu. Mwanawe afanyaye kazi Dubai amenuia kumnunulia spika za hali ya juu, kwa akiba ya miezi mingi. Mwana amekwisha kuchagua: ndefu, zenye besi ya kutikisa madirisha. Mama naye husikiliza kisomo baada ya alfajiri, na jioni taarabu ya zamani. Auliza, je, amwache anunue?

Twamwambia asubiri, wala si kwa ajili ya bei. Kila fundi wa spika huchagua ni sauti gani ataitumikia zaidi, na mnunuzi asiyelijua hilo hulipia ladha ya mtu mwingine.

Tazameni Uingereza. Katika miaka ya 1970 wahandisi wa BBC walitaka spika ya kukagulia sauti za wasemaji ndani ya magari ya matangazo, mahali pembamba. Wakaunda LS3/5A, kisanduku cha urefu wa sentimita 30 hivi. Besi yake ni haba, wala hakipendi kishindo. Lakini sauti ya mwanadamu hutoka humo kana kwamba msemaji ameketi barazani. Miongoni mwa wahandisi wa BBC walitoka Spencer Hughes na Dudley Harwood, wakaanzisha kampuni zao, Spendor na Harbeth. (Kina mama watafurahi kujua kwamba kila jina limeunganisha la mume na la mke: Dorothy yumo katika la kwanza, Elizabeth katika la pili.)

Marekani, mwaka 1946, Paul Klipsch alishika njia nyingine. Spika yake, Klipschorn, ni pembe kubwa iliyokunjwa ndani ya kabati la mbao, nayo husimamishwa konani ili kuta za chumba ziwe sehemu ya pembe hiyo. Hukadiriwa kutoa desibeli 105 kwa umeme uleule ambao kile kisanduku cha BBC hutoa 83 tu. Kwenye karatasi tofauti yaonekana ndogo, kumbe kisanduku chahitaji nguvu zaidi ya mara 100 kukifikia kishindo hicho. Apendaye matarumbeta na ngoma kana kwamba yuko uwanjani, huko ndiko kwake.

Sisi wenyewe tuliwahi kuvutwa na ukubwa. Dukani spika zilinguruma, tukalipa, tukachukua mkokoteni. Nyumbani tukaweka kisomo. Mama watoto alisikiliza kidogo, akauliza kwa upole, "Maalim, msomaji huyu ana mafua?" Hatukuwa na la kujibu. Besi ilikuwa imelifunika koo la msomaji, na herufi za midomo zikatoka kama mtu asemaye mtungini.

Makosa hayakuwa ya spika peke yake. Nyumba zetu za mawe zina kuta ngumu, dari ndefu na sakafu ya saruji, na sauti hugonga ikarudi. Zulia zito, mapazia na kuzisogeza spika mbali kidogo na ukuta hupunguza mvumo mwingi bila gharama kubwa. Tena ulizeni ukingo wa ile koni ya spika umetengenezwa kwa nini: wa sponji huoza katika unyevu, wa mpira hudumu zaidi. Kwa hewa yetu ya pwani, swali hilo lina thamani kuliko rangi ya mbao.

Dukani kuna hila moja, pengine hata muuzaji haikusudii. Spika inayopiga kwa nguvu zaidi kidogo huonekana bora, hata ikiwa si bora. Basi takeni zote mbili zisawazishwe sauti kabla ya kulinganishwa, na mwende na rekodi mzijuazo kwa moyo, si zile za dukani ambazo huchaguliwa zisifu bidhaa. Sikilizeni nusu saa. Spika kali hushangaza dakika ya kwanza, na kwa ya ishirini kichwa chauma.

Kwa mama yetu, basi: mwambie mwanao aziweke fedha hadi likizo. Akija, nendeni pamoja, ukiwa na kisomo chako na ile taarabu ya jioni, na wewe ndiwe ukae kwenye kiti cha katikati. Yeye asimame nyuma yako, anyamaze.